Mwaka wa Mke wa Ayubu

Wifi yangu tunamwita Cherehani, na si kwa sababu ni fundi wa kushona tu. Mafundi wa kushona wako wengi na kila mmoja ana jina lake. Huyu ni mdomo. Ukishaukanyaga, unakwenda, uzi ukikatika anaunga, safari inaendelea. Aliolewa na kaka yangu mkubwa wakati mimi bado ni wa kusukwa, si wa kusuka, na tangu siku ile sijawahi kuwasikia wawili wale wamenyamaza chumba kimoja. Hata wakilala, wifi huota kwa sauti na kaka humjibu.

Nawapenda wote wawili. Nasema mapema ili huko mbele mtu asije akanifikiria vibaya.

Nyumba yetu ina milango mitatu inayotazama barabara. Wa kwanza ni wangu, msusi, viti viwili na kioo. Wa katikati ni wa wifi, na nguo za watu zimening'inia mpaka dirishani. Wa tatu, ule mpana, ni karakana ya kaka, seremala. Wakati ninaousimulia mlango huo ulikuwa umefungwa. Kaka alikuwa anapima ubao wa kabati, penseli ikamponyoka, akainama kuiokota, akaanguka yeye. Kiharusi. Hospitali walimrudisha akiwa na akili zake na ulimi wake, mguu anauburuta kidogo, ila mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Sasa mwalimu akikosa mkono bado ni mwalimu. Seremala akikosa mkono ni mzee aliyekaa karibu na mbao.

Alikuwa anakuja dada mmoja wa mazoezi kutoka hospitali, msichana mwembamba asiye na masihara. Alituambia wazi: mkono huu utarudi ukilazimishwa kila siku, ukiachwa, vidole vitajikunja vigande, na vikishaganda ndiyo basi, hakuna dawa wala maombi ya kuvikunjua. Wifi alisikia neno "kulazimishwa" akaona kazi imepata mwenyewe. Akakusanya vipande vya vitambaa, akashona kimpira kigumu, akamtia kaka mkononi.

"Kamua."

"Nakamua."

"Unakamua au unakisalimia? Mzee, mkono huo ni wako au umeuazima?"

"Mwanamke, umeniona mgonjwa?"

"Nimekuona mvivu. Kamua tena!"

"Mungu ananiona!"

"Na yeye anakuona hukamui!"

Basi hivyo asubuhi na jioni. Wateja wangu walikuwa wakicheka mpaka namkosea mtu mstari wa nywele. Mmoja aliniuliza kama huyo mgonjwa hana ndugu wa kumtetea. Nikamwambia ndugu ni mimi, na sitetei mtu. Maana nilikuwa naona kwa macho yangu: kidole gumba kimeanza kusogea, halafu cha pili. Kaka alikuwa anakamua kwa hasira, na hasira ilikuwa inashuka mkononi.

Hapo ndipo likaja suala la kura.

Umoja wetu wa akina mama kanisani una desturi ambayo kwingine sijaisikia. Kila mwaka unapoanza, majina ya wanawake wa kwenye Biblia yanaandikwa kwenye vikaratasi, yanakunjwa na kutiwa kwenye sufuria. Kila mama anachovya mkono. Utakalolitoa ndilo jina lako mwaka mzima, na kazi ya yule mwanamke inakuwa kazi yako. Ukimpata Dorkasi, unawashonea wajane. Ukimpata Lidia, wageni wote ni wako. Hana ni wa kuombea wasiopata watoto, Abigaili anatumwa kwenye nyumba zenye ugomvi, Debora anaamua mashauri. Hakuna kubadilishana. Kura inatupwa na mtu, mwamuzi ni Bwana, anasema Mwenyekiti wetu, na Mwenyekiti akishasema, hata kengele ya kanisa inaitikia.

Mwaka huo tulikuwa tumeongezeka na majina hayakutosha. Mwaka uliotangulia akina mama wawili walikuwa wamechangia Ruthu mmoja, wakagombana nani Ruthu wa kwanza, mpaka Debora akaingilia. Kwa hiyo mke wa mchungaji, binti mgeni kwetu, moyo mweupe, Biblia kubwa kuliko mkoba wake, akajitolea kutafuta majina mengine. Na alitafuta kweli. Aliingiza kila mwanamke aliyewahi kufungua mdomo kwenye Maandiko.

Tukachovya. Yule bibi anayeogopa hata kuku akamtoa Yaeli, aliyempigilia jemadari kigingi cha hema kichwani akiwa usingizini. Akapewa kazi ya kulinda mlango wa ukumbi, maskini, na yeye mwenyewe anahitaji wa kumlinda. Debora akaenda kwa mteja wangu mmoja ambaye kuchagua mtindo wa kusuka humchukua asubuhi nzima. Mimi nikampata Mariamu, dada yake Musa. Kazi ni kuongoza nyimbo, nami nikiimba watoto wachanga hulia. Lakini nilimpenda. Huyu ndiye aliyesimama kando ya mto akimchungulia mdogo wake kwenye kile kisafina, aone yatakayompata. Na huyo huyo ndiye aliyepigwa ukoma kwa kumsengenya mke wa huyo mdogo wake. Ndiyo maana mimi wifi yangu humsema usoni.

Wifi alikuwa anamwombea Dorkasi. Haki yake, nani angemfaa Dorkasi kuliko fundi wa kushona? Dorkasi akatoka kwa mama mmoja ambaye kifungo kikikatika anakaza kwa pini. Wifi akachovya, akakunjua karatasi yake, akasoma. Kisha cherehani ikakata uzi. Alinipa karatasi.

Mke wa Ayubu.

Jamani, watu walicheka! Muelewe, ukumbi mzima ulikuwa unajua kwamba mumewe ni mgonjwa, na ukumbi mzima ulikuwa unaujua mdomo wake. Walicheka wakashikana mabega. Yaeli wetu alitokwa na machozi. Nami nilicheka, nisiwe mnafiki. Mke wa mchungaji peke yake ndiye aliyeshika mashavu akasema, "Mama, nisamehe, nilitaka tu wawepo wote."

"Haya," wifi akasema, bado amesimama. "Dorkasi anashona. Lidia anakaribisha. Wangu mimi anafanya kazi gani? Biblia nzima ana neno moja tu, tena la kumwambia mgonjwa amkufuru Mungu, afe."

Kicheko kikakatika. Wote tukamgeukia Mwenyekiti. Mama huyu alikuwa matroni wa hospitali kabla ya kustaafu, mjane, mgongo umenyooka kama rula, na yeye hakuwa amecheka. Alifikiri kidogo.

"Kazi yako ni kumsahihisha. Alichoharibu yeye kwa kusema, wewe utakitengeneza kwa kunyamaza. Mwaka huu mume wako asisikie kwako neno kali hata moja. Upole mtupu. Unaweza?"

Wifi akanitazama, akawatazama wale waliokuwa wakicheka. "Naweza," akasema. "Naahidi mbele za Bwana."

Tukasema amina. Mimi niliisema huku nikijiuliza nani atakuwa wa kwanza kupasuka, yeye au nyumba.

Kesho yake asubuhi nilikuwa sebuleni kwao nikinywa chai. Wifi akaingia na sahani ya kaka, akaiweka taratibu, akasema, "Mume wangu mpenzi, umeamkaje?"

Kaka akageuka nyuma kuangalia nani ameingia.

Ikaanza hivyo. Kaka akiacha chakula: "Ukishiba basi, mpenzi." Kaka akilalamika chumvi haipo: "Pole, mume wangu." Kaka akisema leo mkono umechoka, hakamui: "Pumzika tu, usijitese." Nilimwona kaka anamtazama wakati huo. Alimtazama sana, halafu akageukia ukutani.

Majirani wakafurahi. Oh, ndoa imebarikiwa, oh, kura ni ya Bwana kweli. Wateja wangu walilalamika tu kwamba kumekuwa kimya, wanasinzia kwenye kiti. Na wifi, ili ahadi isimponyoke, alibuni dawa yake: pini. Mafundi huweka pini midomoni wakiwa wanapinda nguo. Yeye akaanza kuziweka tangu anapofungua mlango, hata kama hana nguo ya kupinda. Ukimsalimia anakuinamishia kichwa, mdomo umemeta kama mkia wa nungunungu. Usicheke. Ahadi si mchezo kwa yule mwanamke. Anaweza kukutukana wewe na ukoo wako, lakini akikwambia suti iko tayari Ijumaa, Ijumaa utaivaa.

Na kaka akawa mtakatifu. Hakulalamika tena. Hakuuliza habari za karakana. Kile kimpira kikabaki dirishani. Mtu akiuliza hali, anajibu, "Bwana ndiye ajuaye," kwa sauti ya chini ambayo mimi, niliyezaliwa naye tumbo moja, sikujua ameitoa wapi. Wazee wa kanisa wakaja kumtazama. Walikuja watatu, kama walivyokuja kwa yule wa kwenye Maandiko, tofauti ni kwamba hawa walikunywa chai yetu yote. Wakamsifu: mvumilivu, hanung'uniki, Ayubu wetu kabisa! Kaka akatabasamu. Tabasamu lile lilinikera mpaka nikaenda kufua taulo zilizokuwa safi.

Dada wa mazoezi akaja, akashika ule mkono, akajaribu kukunjua vidole. Vilikataa. Vilikuwa vimejikunja kuingia kiganjani, kangumi kadogo.

"Nani alikuwa anamhimiza?" akauliza.

Wifi akatoa pini. "Mimi."

"Basi mama, umeacha. Vikimaliza kuganda hivi, msinitafute mimi. Mtafuteni wa kumlisha."

Alipoondoka, wifi alinifuata saluni, akakaa kwenye kiti cha mteja, akalia akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa ili kaka asisikie.

"Sema naye, wifi," nikamwambia. "Mfokee kidogo tu. Bwana hatasikia, nitaimba."

"Niliahidi."

"Uliahidi upole. Hukuahidi kumwacha aoze."

"Wewe hukusikia walivyocheka? Walicheka kwa sababu ni kweli. Mwanamume ameanguka chini, na mimi juu yake kelele. Labda kelele ndizo zilizompiga hicho kiharusi. Umeshafikiria hilo? Mimi nalifikiria kila nikilala."

Nilikuwa sijalifikiria.

Nikajaribu mwenyewe kumsukuma kaka. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamwita mvivu, nikamwita gunia. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe mdogo wangu umekuwa unapiga kelele tangu unanyonya," akasema. "Nimeshakuzoea." Na akafumba macho.

Ndipo nikaanza kuona mambo. Kaka alituma salamu kwa shemeji zetu waliokosana naye siku nyingi, kwamba amewasamehe. Kaka, ambaye kinyongo alikuwa anakitunza kama mbao za mninga! Akaniita akanieleza bomba la maji linavyofungwa likivuja, na fundi gani wa kuaminiwa kwa paa. Wifi naye, kwa upole wake, alikuwa ameona mumewe anakonda, suti ya Jumapili inampwaya, akaichukua kimyakimya akaipunguza, akaipiga pasi akaitundika mlangoni pa chumba. Kaka aliitazama ile suti siku nzima. Mimi nilidhani anaisifia.

Sasa ng'ambo ya barabara kuna seremala mwingine, tunamwita Misumari. Huyu kila kitu ni msumari: meza msumari, kitanda msumari. Kaka, ambaye kiungo cha mbao kwake ni ibada, alikuwa akisema ukitaka kukalia kiti cha Misumari uchome kwanza sindano ya pepopunda. Hawakuwahi kukaa pamoja hata msibani. Kwa hiyo alasiri moja, nimeshamsuka mteja nusu ya kichwa, nikamwona Misumari anatoka mlango wetu wa katikati, amekumbatia kitu kwa heshima, sikuamini. Ilikuwa randa ya kaka, ile ya baba yetu, mpini umeng'aa kwa mikono ya watu wawili, baba na mwana. Mtu akiigusa bila ruhusa kaka alikuwa haongei naye wiki.

Wifi alikuwa kizingitini, pini mdomoni. Na yeye akaiona.

"Amenipa mwenyewe," Misumari akasema haraka. "Mimi nilikataa, shemeji. Akasema hataihitaji tena, akanibariki. Mimi pia nimeogopa."

Pini zikaanza kudondoka. Moja, nyingine, nyingine, zinalia sakafuni, ti, ti, ti. Misumari hakungoja ziishe. Aliweka randa juu ya meza ya kukatia nguo, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Wifi akaingia ndani. Mimi nyuma yake na kitana changu, na mteja nyuma yangu na nusu yake ya nywele.

"Wewe mzee una wazimu?"

Kaka akaruka kitini. Naapa, ule mguu mbovu uliruka na mzuri.

"Randa! Randa ya baba mkwe wangu, unampa mtu anayepigilia misumari mpaka kwenye makochi! Hutaihitaji? Kwani unakwenda wapi? Unasamehe watu, unabariki watu, nani amekupa uaskofu? Nimenyamaza! Nimemeza pini! Nimekuita mpenzi mpaka ulimi umeota sugu, na wewe umekaa hapo unaganda kama mafuta ya jana! Unataka kufa? Sema! Kufa basi, kama unataka kufa, lakini hufi na mkono huo! Huko unakokwenda mwenye nyumba ni seremala. Utampa mkono gani? Utamsalimia Mwana wa Mungu kwa ngumi?"

Aliishiwa pumzi. Nje watu walikuwa wameshasimama. Nilisikia mtu anasema, "Afadhali, amepona."

Kaka alikuwa anamkodolea macho. "Unanifokea," akasema polepole.

"Nakufokea!"

"Unamfokea mtu anayekufa?"

"Nani anakufa?"

"Mimi."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Wifi akajigusa kifua. "Mimi?"

"Mwanzoni mwa mwaka," kaka akasema, na sauti ilikuwa ni yake, ile ya zamani. "Ulitoka vizuri, umenitukana vizuri. Ukarudi, kesho yake ukaniita mpenzi. Nikasema basi, amepita hospitali, daktari amemwambia ukweli. Nikakujaribu. Nikasema chakula hakina chumvi, na chumvi ilikuwepo. Ukasema pole. Pole! Wewe lini umeniambia mimi pole? Nikasema sikamui, ukasema pumzika. Nikajua hakuna haja tena. Mkono wa nini kaburini? Halafu ukachukua suti yangu ukaipunguza bila hata kunipima."

"Ilikuwa inakupwaya! Nilikuwa naitengeneza ya kwendea kanisani!"

"Nilijua ni ya kanisani. Ila sikudhani nitakwenda kwa miguu yangu."

Aliyecheka kwanza ni mteja, ile nusu ya kichwa ikatikisika. Kisha mimi. Nilicheka mpaka nikashika mlango, na nikiwa nacheka nikagundua kwamba nalia, maana ndugu yangu alikuwa amekaa humo ndani miezi yote hiyo akijizika mwenyewe kidogo kidogo, na sisi tunapita na vikombe vya chai.

Wifi hakucheka. Alikaa chini sakafuni, miguu imenyooka, kama mtoto. "Nilikuwa nakuonea huruma," akasema. "Nilidhani mimi ndiye ninayekuua."

"Mtu hagombezi maiti," kaka akamjibu. "Nilipokuwa nikisikia unanigombeza, nilikuwa najua mimi ni mzima. Ulipoacha, nikaanza kujiaga."

Nikamrudisha mteja kwenye kiti. Mambo mengine hata Mariamu hapaswi kuyachungulia.

Mazoezi yalianza tena jioni ile ile. Dada wa mazoezi alipokuja alikunja uso. Kidole cha mwisho tumekipoteza, akasema, kimeganda na hakitanyooka. Vilivyobaki bado vinabishana. Wifi aliposikia habari za kile kidole alitoka nje akasimama ukutani, na hakuongea mpaka jua likazama. Kidole kile ndicho bei tuliyolipa kwa upole, na kinamuuma mpaka leo zaidi ya kinavyomuuma mwenye nacho.

Kwenye Umoja aliacha kwenda. Alisema amevunja ahadi, na atakwenda kusema nini mbele ya watu waliocheka? Kwa hiyo Mwenyekiti akaja mwenyewe, alasiri, mke wa mchungaji nyuma yake na ile Biblia. Wakakaa sebuleni. Kaka alikuwa kwenye kiti chake, kimpira mkononi, jasho linamtoka. Nami nilijipenyeza, maana ndugu yangu akiwa majini lazima niwe ukingoni.

"Nasikia ulimfokea mumeo," Mwenyekiti akasema. "Nasikia ulimwambia afe. Mtaa mzima unasema."

"Nilisema, Mama Mwenyekiti." Wifi alikuwa ameinamisha kichwa. "Sina utetezi. Jina langu limenifaa."

Mimi nikawaka. "Kwani huyo mwanamke kosa lake ni nini hasa? Alizika watoto kumi, na yeye ndiye aliyewazaa. Mume yuko jivuni anajikuna kwa kigae. Aseme maneno matamu? Na tena, Mungu alipokuja mwishoni kukasirika, alimkasirikia nani? Si wale marafiki watatu, waliokaa wanahubiri? Mke nionyeshe alipoguswa!"

"Nimetazama," mke wa mchungaji akasema kwa sauti ndogo. "Nimesoma mpaka mwisho, halafu nikarudia. Hakukemewa na Mungu. Aliyemjibu ni mumewe tu." Akasita, akaona haya. "Na mwishoni wakazaliwa watoto kumi wengine. Haijaandikwa popote kwamba Ayubu alioa tena."

Nilimtazama wifi. Alikuwa ameinua kichwa, na nadhani alikuwa anahesabu mimba kumi, kwa mwanamke ambaye tunamkumbuka kwa neno moja la siku mbaya kuliko zote.

"Alimjibu," wifi akarudia. "Alikuwa amekaa kimya kwenye majivu, yeye akamsemesha, akajibu."

Mwenyekiti alimgeukia kaka. "Fundi, wewe unasemaje? Wewe ndiye uliyeambiwa."

Kaka alikuwa bado anakamua. Kidole gumba, cha pili, cha tatu vilikuwa vimekizunguka kile kimpira na vinatetemeka kwa juhudi. "Mama, wa Ayubu alimwambia mumewe afe," akasema. "Huyu wangu maneno ni yale yale, lakini mimi nilisikia amenikataza."

Mwenyekiti aliuangalia ule mkono. Aliuangalia muda mrefu, na mgongo ule ambao sijawahi kuuona umepinda ukapinda.

"Wangu mimi nilimnyamazia," akasema. "Kitandani, mpaka mwisho. Nilikuwa matroni, nilijua namna ya kukaa na mgonjwa. Sikuwahi kupandisha sauti. Alikuwa ananitazama hivi, kama anayesubiri kitu, nami ninampapasa mkono. Nilidhani ndiyo heshima."

Wifi alinyoosha mkono akamshika goti.

Kisha Mwenyekiti akasimama, akaweka mkoba wake mezani, akakunja mikono ya gauni. Akamwendea kaka, akamsimamia mbele.

"Na wewe fundi, hivyo ndivyo mtu anavyokaa?" Sauti ilikuwa ya wodini, ya kuamsha wagonjwa vitanda vyote, na ilipasuka katikati, akaisukuma hivyo hivyo. "Umejilaza kama shuka! Kaa wima! Nimesema kaa wima, baba, unanisikia? Kaza huo mkono! Kaza!"

Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Kaka alimtazama, akamtazama mkewe. Halafu akakaa wima, akakaza.